Maua Yaliyogoma Kuondoka Ghubani

9 Aprili

Shangazi yangu mpenzi,

Miguu yako inaendeleaje? Bado inavimba ukisimama kutwa pale kiwandani? Usinijibu "haijambo" tu, nieleze mguu mmoja mmoja. Mimi ni mzima mpaka naona aibu. Furaha ingekuwa mafuta, Shangazi, ningekuwa nateleza kila hatua hapa ndani.

Nimeolewa! Najua unajua, lakini niache niiandike, kwa sababu kila nikiiandika naiamini kidogo zaidi. Hawakukupa ruhusa ya kuja, na mimi niliwalaani wakubwa wako wote mpaka mume wangu akaniziba mdomo kwa kiganja. Sasa nakulipa kwa barua. Simu siitaki. Kwenye simu unapiga kelele kama unaita mtu ng'ambo ya mto, na mimi nasahau nusu ya niliyokusudia kusema.

Nianze na yeye. Ni mrefu, mpole, na masikio yake ni makubwa kidogo. Jua likiwa nyuma yake yanawaka mekundu kama taa mbili. Nimempenda kuanzia masikioni. Asubuhi anatandika kitanda yeye mwenyewe, halafu anakikagua kana kwamba kuna mtu atampa alama. Ndivyo alivyo kwa kila kitu. Ni mpimaji wa maji; hata chumvi ya mboga anaiangalia kwanza kwenye kijiko.

Tumepewa nyumba ya ofisi, vyumba viwili. Bomba linapiga mluzi kabla ya kutoa maji, kama mtu anayebisha hodi. Dirisha la jikoni linatazama ghuba moja kwa moja. Ghuba hii ni kama mfuko, Shangazi: mdomo mwembamba, tumbo pana. Naosha vyombo huku nikiitazama na kumtafuta mume wangu kwa macho, maana huko ndiko kazini kwake. Ofisi yao imepewa kazi ya kupima ghuba hii inaweza kupokea maji machafu kiasi gani bila kudhurika. Mji unakua, na kuna kampuni inataka kujenga kiwanda. Basi wanazunguka na boti, wanamwaga rangi nyekundu isiyodhuru na kuifuata inakokwenda, wanatupa machungwa kuona mkondo unavyoyachukua, wanateka maji kwa chupa. Nimeolewa na mtu anayelipwa kutupa machungwa baharini!

Mkuu wao wa maabara ni mama mmoja wanayemwita Mama Desimali, kwa kuwa hakubali namba isiyo na nukta. Nahodha wa boti anaitwa Breki, kwa kuwa hana. Lakini wana roho nzuri ajabu. Wiki ya harusi yetu waliacha kazi zote. Mama Desimali alioka keki mwenyewe, Breki akabeba viti kwa boti ya ofisi, na wapimaji wengine wakafunga mapambo. Wiki nzima boti ile haikupima kitu ila mimi!

Na baada ya sherehe walituzungusha ghubani. Bahari ilikuwa imelala, huwezi kuamini, kama kioo kilicholazwa chali. Watu wakaturushia maua. Yalianguka majini, na hayakwenda popote. Yalibaki yamezunguka boti kama wageni wasiotaka kuaga. Kesho yake jioni tulipopita ufukweni kwa matembezi, yalikuwa palepale katikati, yamenyauka lakini yapo. Nikamwambia mume wangu: "Unaona? Hata bahari haitaki harusi yetu iishe."

Nieleze na wewe kuhusu nyumba yako ya huko. Tangu uhamie huko nikiwa kidato cha kwanza sijawahi kuiona. Kila likizo ulinipeleka kwa Bibi. Sasa mimi ni mke wa mtu, nitakuja na mume wangu, na safari hii hunizuii.

Mwenye furaha kuliko inavyoruhusiwa,
Kasuku wako


28 Aprili

Mwanangu Kasuku,

Nimepokea barua yako nikaisoma mara tatu: mara moja kwa macho, mara moja kwa sauti, na mara ya tatu wenzangu wa kwenye mstari wa makopo ya samaki walininyang'anya, wakaisoma wao. Yule mwenye mdomo mkubwa amesema masikio ya mkwe wangu ayalinde, yasije yakawasha moto mapazia. Salamu zake.

Mguu wa kulia haujambo. Wa kushoto ni mkaidi, kama baba yako, kaka yangu, ambaye hajanijibu tangu nimwandikie. Bibi yako amepata meno mapya na sasa anacheka hata pasipo na kichekesho.

Mfikishie mkwe wangu salamu. Mwambie mwanaume anayetandika kitanda ni wa kushikwa kwa mikono miwili. Lakini aache kupima chumvi. Chumvi ni ya mpishi.

Sasa keti. Umeketi? Ile kampuni inayotaka kujenga kiwanda kwenye ghuba yenu ni yetu. Ni hawahawa waliokataa kunipa ruhusa. Meneja aliniita ofisini juzi. Nikadhani nimekosea, nikavua aproni kabisa ili nifukuzwe nikiwa msafi. Kumbe anasema kiwanda kipya kitahitaji msimamizi wa mstari wa makopo, mtu anayeijua kazi kuanzia kisu mpaka lebo. "Nimekutaja wewe," akasema. Msimamizi, Kasuku! Mwenye kiti! Mwenye kukaa pale mguu wa kushoto ukitaka!

Na ningeishi mtaa mmoja na wewe. Sikulala. Nilikuwa nahesabu tu sufuria zipi nibebe na zipi niwaachie majirani.

Wanasubiri kibali, na kibali kinasubiri namba ya ofisi ya mkwe wangu. Simshurutishi mtu. Asiharakishe kazi yake. Ila na kuchelewa pia si kuzuri, mwambie.

Kuhusu wewe kuja kwangu, hakuna haja. Nyumba hii ni ndogo na mimi mwenyewe nakuja huko.

Shangazi yako, msimamizi mtarajiwa


17 Mei

Shangazi yangu, Bibi Msimamizi,

Kwanza pokea kelele zangu. Nilipiga ukelele mpaka jirani wa upande wa pili akaja na ndoo, akidhani jiko limeshika moto. Nikamkumbatia na ndoo yake. Mtaa mmoja na wewe! Nimeshakuchagulia nyumba. Ina mlango wa bluu na ngazi mbili tu, kwa ajili ya mguu mkaidi. Nimeiambia nyumba hiyo isipangishwe kwa mtu mwingine.

Hapa wote wazima. Mama mkwe wangu alikuja siku nne, akafunua kila sufuria, na wakati wa kuondoka akasema, "Sikutegemea." Mpaka leo najiuliza hakutegemea nini. Mume wangu anasema hiyo kwa mama yake ni sifa kubwa.

Nilimuuliza mume wangu kuhusu hiyo namba. Ukimuuliza habari za maji, anasahau kula. Akanieleza kwamba watu wote wanauliza ghuba inabeba kiasi gani, na kumbe hilo si swali. "Ghuba ni tumbo," akasema. "Tumbo la mtu linaweza kujazwa sana. Swali ni linameng'enya kiasi gani kabla mtu hajaugua." Taka za samaki na za vyoo huliwa na vijidudu, na vijidudu vikila vinavuta hewa iliyomo majini. Maji mapya yakiingia kutoka bahari kuu, hewa inarudi. Yasipoingia, samaki wanakosa pumzi, na wanaofuata ni kome na kaa. Aliyasema haya akiwa ameshika uma juu, na kwenye uma kuna kipande cha yai, na yai lilipoa. Nilikuwa namtazama tu, Shangazi. Sijui kama wanawake wengine huona uzuri wa mtu akieleza pumzi ya kaa.

Ghuba yetu inameng'enya vizuri, ndivyo namba yao inavyosema. Taarifa imeshaandikwa, amesaini, iko mezani kwa Mama Desimali. Kwa hiyo furahi.

Ila kuna kitu kimoja kidogo. Nilipomaliza kuandika ile barua yangu ya kwanza nilimsomea. Alicheka pote, kwenye masikio, kwenye Breki. Nilipofika kwenye maua akaacha kutafuna. Nikadhani ni mapenzi. Nilimbusu. Lakini tangu siku hiyo anasimama sana dirishani jikoni, na juzi aliacha kitanda bila kutandika. Labda uchovu. Ndiyo, ni uchovu.

Shangazi, kiwanda chenu huko kiko kwenye hori la bahari, sivyo? Maji ya huko yakoje?

Akupendaye mpaka kwenye mguu wa kushoto,
Kasuku wako


2 Juni

Mwanangu Kasuku,

Maji ni maji. Yanalowesha.

Nyumba ya mlango wa bluu nimeipenda kabla sijaiona. Je, jikoni kuna dirisha? Dirisha linalofunguka?

Nimenunua sanduku la magurudumu. Nimelijaribu chumbani, linazunguka vizuri kuliko mimi. Meneja ameniuliza tena kama niko tayari, nikamwambia mimi niko tayari tangu kabla hajazaliwa. Wenzangu wameanza kuniita "Mkubwa" kwa kejeli, lakini kejeli yenyewe ina heshima ndani yake, naisikia.

Bibi yako anasalimu. Baba yako amejibu hatimaye: mistari mitatu, miwili inahusu mbuzi.

Mwanaume aliyechoka hapewi maswali, anapewa usingizi. Ukishampa usingizi, muulize.

Namba inatoka lini?

Shangazi yako


4 Julai

Kasuku,

Mwezi umekwisha, jibu sina. Postamasta ameshanizoea, akiniona anatikisa kichwa kabla sijamfikia. Mtu aliyezaliwa akiongea akinyamaza, nyumba nzima inainuka kumtafuta. Kama unaumwa, sema. Kama umegombana na mkwe wangu, sema, ila usiniambie nani ana kosa, nitajua mwenyewe. Kama ni mimba, sema haraka, nianze kufuma.

Hapa hatujambo. Meneja anasema kibali kiko njiani.

Shangazi


13 Julai

Shangazi yangu,

Siumwi, hatukugombana, na sindano ziweke kwanza. Nimeandika barua hii mara kadhaa na kuichana. Kila mara nilianza na habari za mapazia mapya, nikamaliza na habari za mapazia mapya. Ni ya njano. Basi, hayo yameisha.

Nilimpa usingizi, kisha nikamuuliza, kama ulivyoniambia. Alinipeleka jikoni, akajaza beseni maji, akadondosha tone la maziwa na kukoroga kwa mwiko. Tone likapotea. Akaniambia, "Hiyo ni bamvua. Mwezi unapovuta kwa nguvu, maji yanajaa sana na kupwa sana, ghuba inakorogwa na kusafishwa." Kisha akajaza maji mengine, akasubiri yatulie, akadondosha tone la pili bila kugusa. Lilining'inia pale pale kama wingu. Likakaa. "Hii ni wiki ya maji mafu," akasema. "Maji yanapanda kidogo, yanashuka kidogo. Ghuba haina mwiko."

Nikamuuliza, "Sasa mlipima lini?"

"Mpango ulikuwa tupime zote mbili," akasema. "Wiki ya bamvua tulipima yote."

"Na ya maji mafu?"

Akanitazama, Shangazi. Akasema kwa sauti ndogo, "Ya maji mafu tulikuwa tunafunga mapambo."

Wiki ya harusi yangu. Ile bahari iliyolala kama kioo, niliyoisifia kurasa mbili! Walisema watarudi kupima wiki nyingine ya maji mafu, halafu injini ya boti ikaharibika, halafu tarehe ya taarifa ikafika. Wote walidhani tofauti itakuwa ndogo. Mama Desimali yeye alidhani walirudi wakapima; aliona jedwali limejaa, hakuuliza, kwa sababu wiki ile ya keki na yeye aliacha kazi. Mume wangu alijaza jedwali la maji mafu kwa kupunguza kidogo zile namba za bamvua. Aliamini ni karibu na kweli. Mpaka nilipomsomea habari ya maua yaliyokaa mpaka kesho yake jioni. Mtu mwingine angesikia mapenzi. Yeye alisikia uchafu wa kiwanda na wa mji mzima, umekaa palepale, siku baada ya siku, ukisubiri kuondoka.

Sasa anaogopa. Anaogopa Mama Desimali, anaogopa kunyang'anywa kazi na nyumba hii. Lakini hayo aliyataja harakaharaka. Kilichomkaa kooni ni kingine. Alisema, "Na kuna Shangazi yako. Nikisema, kibali kinasimama. Nafasi yake haitamngoja." Kisha akasema uamuzi uwe wangu! Nilikasirika. Nilimwambia sikuolewa ili nipewe ghuba niibebe kichwani. Nikalia, akanifuta machozi kwa taulo la vyombo, tukacheka kidogo, lakini jibu hatukupata.

Nampenda zaidi sasa, na hilo ndilo linanishangaza. Nilimpenda akiwa hana kosa. Sikujua upendo una chumba kingine nyuma ya kile cha kwanza.

Sikuombi uamue. Nakuuliza lile swali langu tu, na safari hii usiniambie yanalowesha. Maji ya huko yakoje, Shangazi?

Kasuku


24 Julai

Mwanangu,

Unaniuliza swali ambalo jibu lake linanitoa kwenye kiti kabla sijakikalia, na unajua. Nilipomaliza kuisoma barua yako niliiweka chini ya sanduku la magurudumu, nikaenda kazini. Siku tatu sikuigusa. Nilikuwa na hasira na wewe. Ningeweza kukujibu kwamba maji ni mazuri, ukalala usingizi, nami nikapata kiti.

Mficha uchi hazai. Basi, sikiliza.

Hori letu limekufa. Nilipofika hapa bado lilikuwa linakufa. Wanawake waliingia majini mpaka magotini kuchuma kome. Sasa huwezi kumpata mtu wa kulowesha hata kidole. Maji ni ya rangi ya chai iliyolala, na chini yake kuna tope jeusi, ukilichoma kwa fimbo linatoa mapovu. Dirisha la jikoni kwangu nililipigilia misumari. Ule mkufu wa fedha wa Bibi yako niliouvaa siku zote, umegeuka mweusi kwa ile hewa, nikausugua, ukageuka tena, nikaacha. Na wiki zile bahari inapolala, ndizo mbaya zaidi. Watoto wa shule wanatapika darasani. Sikujua kuna jina lake.

Nimeishi hapa nikakulipia shule, na kila likizo nikakupeleka kwa Bibi yako ili usiinuse. Nilitaka unikumbuke nikinukia sabuni.

Wageni wakija wanaziba pua. Sisi tumeshazoea. Kuzoea huko ndiko kulikonitia hofu, nikaanza kutaka kuondoka, hata kabla ya habari za kiti.

Hapa hakuna mtu aliyekosea kupima. Hakuna aliyepima kabisa. Kwenu angalau kuna mtu ameacha kutandika kitanda.

Siwezi kukuambia fanyeni, maana nitajisikia vibaya kesho asubuhi nikiiona ile aproni. Nakuambia tu nilichokiona.

Shangazi yako


30 Agosti

Shangazi yangu mpenzi,

Mume wangu anakusalimu. Amekaa hapa kando, amekataza nimsomee, anasema atajua kutoka kwenye uso wangu. Mama mkwe amerudi. Safari hii alisema, "Mapazia si mabaya." Nimeshinda!

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama ufukweni. Nilipofika kwenye sabuni nilikaa chini kwenye mchanga wenye maji, na gauni langu jipya. Sikujali. Nikaenda moja kwa moja ofisini kwake, nikampa barua yako aisome, mbele ya wenzake. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaingia kwa Mama Desimali. Mlango haukufungwa vizuri, tukasikia yote. Alimwambia kila kitu bila kumtaja Breki wala injini. Yule mama akasema, "Ungekuja Aprili ningekukumbatia. Umekuja Agosti, nakuandikia onyo." Halafu: "Na mimi nani ataniandikia? Nilikula keki ile mwenyewe." Akazuia taarifa isiende.

Walingoja maji mafu. Siku ya kupima niliomba niende. Breki aliniambia, "Shemeji, leo hakuna maua, ukitupa hata ganda la karanga nakushusha." Bahari ilikuwa nzuri vilevile, imelala vilevile, na nilipoitazama sikuweza tena kuiona kwa macho yale ya kwanza. Mume wangu alimwaga rangi nyekundu pale bomba la kiwanda lingetokea. Ikatanda kidogo, ikasimama. Tulikula chakula cha mchana tukiitazama. Alasiri rangi ilikuwa imesogea kiasi ambacho hata mimi ningeweza kuogelea, na wewe unajua mimi siwezi kuogelea. Walichukua maji ya chini kwa chupa, siku zote za wiki ile, na hewa iliyomo ilikuwa kidogo tayari, kabla ya kiwanda chochote. Ghuba inapumua kwa shida wiki hizo, Shangazi, na sisi tulikuwa tunacheza harusi juu yake.

Namba mpya ni theluthi ya ile ya kwanza. Mji peke yake, ukikua kidogo tu, utaimaliza.

Kikao kilikuwa juzi. Mume wangu alisimama akasema mbele ya kampuni na watu wa mji kwamba namba ya mwanzo ilikuwa na kosa, na kosa ni lake. Masikio yake yalikuwa mekundu bila jua. Bwana mmoja wa kampuni akauliza kwa dharau, "Tuamini ipi sasa, ya Machi au ya Agosti?" Mume wangu akamjibu, "Ya Agosti, mzee. Ya Machi niliipenda sana." Watu wakacheka, hata bwana yule.

Kampuni inaweza kujenga, lakini kiwanda kidogo, cha samaki wa barafu tu, chenye mtambo wa kusafisha maji kabla hayajatoka. Hakuna mstari wa makopo. Kwa hiyo hakuna msimamizi wake.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeitazama muda mrefu. Nafasi yako imeondoka, na sisi ndio tuliofungua mlango ikatoka. Mume wangu amebaki kazini, na onyo. Nyumba tumebaki nayo. Sisi tumepoteza kidogo na wewe umepoteza yote, hiyo si haki, na sijui nifanye nini nayo. Ile nyumba ya mlango wa bluu imepata wapangaji. Napita njia nyingine nikienda sokoni.

Nichape kwa maneno, tafadhali, lakini usininyamazie.

Kasuku wako


16 Septemba

Mwanangu Kasuku,

Mguu wa kulia haujambo. Wa kushoto umevimba, lakini si kwa ajili yenu. Bibi yako mzima. Mbuzi wa baba yako wamezaa.

Habari ya kikao ilinifika kabla ya barua yako. Meneja aliniita. Safari hii sikuvua aproni. Akasema pole, nikasema asante, nikarudi kwenye mstari. Wenzangu hawakuniita Mkubwa siku hiyo. Yule mwenye mdomo mkubwa alisimama upande wangu wa kushoto kutwa nzima, akachukua makopo yaliyonipita, hakusema neno. Sikujua anaweza.

Nitakwambia ukweli kwa kuwa na wewe umeniambia. Ningekikalia kile kiti vizuri sana. Ningejua kila mwanamke anaumwa wapi bila kuambiwa. Hilo ndilo linaloniuma, si mshahara wala sanduku. Ningekuwa msimamizi mzuri, na sasa hakuna atakayejua ila mimi na wewe. Sitaki uniambie si kitu. Ni kitu. Nitakaa nacho mpaka kipungue.

Lakini nilipokusoma ukisema rangi imesimama, niliinuka nikaenda jikoni nikasimama mbele ya dirisha langu lenye misumari, nikamfikiria mtoto atakayezaliwa kwenye nyumba yenye mapazia ya njano. Wala sikuuliza kama yupo. Nimesema atakayezaliwa.

Mwambie mkwe wangu kwamba nilimsikia. Kuna wanaume wamezeeka bila kusema "kosa ni langu" hata kwa mbuzi.

Jana nilikwenda kwa meneja kuomba likizo. Wiki mbili, na safari hii sikuondoka mlangoni mpaka alipotia saini. Akaniuliza naenda wapi.

Nikamwambia, "Naenda kwa mtu aliyenikosesha usimamizi."

Akaweka kalamu chini. "Kumfanya nini?"

"Kumwona kwake," nikamwambia. "Sijapaona bado."

Shangazi yako